Posho na Mwili wa Mpagazi katika Njia ya Unyamwezi

Usoke ni mji mdogo ulio magharibi ya Tabora, kando ya reli iendayo Kigoma. Kabla ya reli hiyo kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, bidhaa za nchi hii zilisafiri mabegani mwa watu. Kama baharia chomboni, mpagazi alikula chakula alichopimiwa na mkuu wa safari, na mwili wake ulinenepa au kukonda kwa kadiri ya kipimo hicho.

Kipimo cha desturi kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, yaani robo ya pishi, uzito wake kama ratili moja na nusu. Mzigo wa nguo ulikuwa wa ratili 60 hadi 70, na pembe kubwa za ndovu zilizidi hapo. Pembe haikupungua uzito njiani. Aliyepungua ni mchukuzi wake.

Wanyamwezi walizoea kushuka pwani baada ya mavuno, wakijitahidi kurejea kabla ya msimu wa kulima. Hivyo mtu aliondoka kwao akiwa ameshiba. Taabu kubwa ilikuwa Mgunda Mkali, nyika iliyo baina ya Ugogo na Unyamwezi, ambako chakula kilikuwa adimu. Hapo ilibidi posho ya siku kadhaa ichukuliwe pamoja na mzigo.

Baadhi ya wasafiri wa Ulaya, Burton aliyefika Tabora mwaka 1857 akiwa miongoni mwao, waliwaandika wapagazi kuwa ni walafi, ambao wakipata chakula tele hula bila kufikiri kesho. Lawama hiyo yatokana na kutotazama bega. Nafaka iliyowekwa kwa kesho ilikuwa uzito juu ya uzito. Iliyoliwa ilikuwa nguvu. Kwa mtu wa namna hiyo mwili ndio uliokuwa ghala, na unene kidogo ulikuwa akiba ya siku za nyika.

Kwa sababu hiyo kibaba hakikuwa jambo dogo. Posho ilipopunguzwa, wapagazi waligoma au walitoroka, na mkuu wa safari aliachwa na mizigo isiyo na wachukuzi. Kukonda kwa watu kulikuwa ushahidi ulioonekana na wote kwamba mapatano yamevunjwa.

Neno lenyewe limehifadhi habari hii. Posho latokana na kitenzi kuposha, yaani kumpa mtu chakula chake cha siku. Nchini Uganda posho ni ugali wa mahindi. Nchini Tanzania ni fedha apewazo mtumishi kwa matumizi ya safari au ya kazi. Maana hizi mbili zimetengana leo, lakini katika njia ya Usoke chakula na haki ya msafiri vilipimwa kwa kibaba kimoja.