Gari likiunguza gasketi ya hedi: Kazi ya kufanyia uani na ile ya kupeleka Gerezani

GARI kuchemka katika foleni ya Tabata kuelekea Segerea ni jambo ambalo wakazi wa maeneo hayo, katika Wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam, wamelizoea. Dereva husimama pembeni, hufungua boneti, humimina maji aliyoomba katika duka la jirani, kisha huendelea na safari. Siku kadhaa baadaye fundi wa gereji bubu humweleza kuwa gasketi ya hedi imeungua, naye huanza kujiuliza kama kazi hiyo haiwezi kufanyika uani kwake ili kuokoa gharama ya ufundi.

Inawezekana. Hata hivyo, zipo sehemu mbili ambazo hazikubali makadirio ya macho, nazo ndizo huamua kama injini itadumu au itanoki: unyoofu wa uso wa hedi na ukazaji wa bolti zake.

Gasketi hiyo ni bamba jembamba linalokaa kati ya bloki ya injini na silinda hedi, likizuia moto wa silinda, maji ya kupooza na oili visichanganyike. Hedi za magari mengi madogo ni za aluminiamu, ambayo hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma. Injini ikichemka kupita kiasi hedi hujipinda, na moto hupata mwanya wa kupita. Maji ya baridi yanayomiminwa ghafla juu ya injini ya moto huweza kuipasua kabisa, achilia mbali mvuke unaomrukia usoni anayefungua kifuniko cha rejeta kwa pupa.

Dalili zake zinajulikana: maji kupungua bila kuonekana yanakovuja, moshi mweupe mzito kwenye eksozi hata injini ikiwa imekwisha kupata moto, mapovu yasiyokoma katika rejeta, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili, peke yake, si ushahidi wa kutosha. Safari fupi fupi nazo huuleta kwa unyevu.

Kabla ya kufungua bolti hata moja, sharti ijulikane kwa nini gari lilichemka. Feni iliyokufa, wota pampu iliyochoka au rejeta iliyoziba itaunguza gasketi mpya kama ilivyounguza ya zamani. Jijini kuna mazoea mawili yanayochangia. La kwanza ni kujaza maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hula aluminiamu kuzunguka matundu ya maji. Kinachotakiwa ni kulanti. La pili ni kuondoa termostati kwa hoja kuwa nchi hii ina joto. Hoja hiyo haina msingi. Injini isiyo na termostati huchelewa kufikia joto lake na hula mafuta zaidi, huku ubovu wa rejeta ukifichika hadi siku ya foleni ndefu.

Kazi yenyewe huanza injini ikiwa imepoa kabisa. Betri hukatwa, maji na oili humwagwa katika vyombo, na alama za taimingi hupigwa picha kabla mkanda au cheni haijaondolewa. Bolti za hedi hulegezwa kidogo kidogo, kutoka pembeni kwenda katikati.

Hedi ikishatolewa, uso wake husafishwa bila kutumia jiwe la kusagia, kisha hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji. Kwa injini nyingi za Toyota kiwango cha juu cha kujipinda ni milimita 0.05, unene ambao jicho haliuoni. Ikizidi hapo, hedi hupelekwa katika karakana za kuchonga vyuma, kama zile za Gerezani, Kariakoo, ili iskimiwe. Anayeipeleka kwa daladala aifunge katika blanketi. Mkwaruzo mmoja wa sakafuni unatosha kuharibu safari nzima.

Matundu ya bolti nayo hukaushwa, kwani oili au maji yaliyobaki chini hugandamizwa na huweza kupasua bloki. Gasketi huwekwa kavu, kwa upande ulioandikwa na mtengenezaji.

Ukazaji huanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya toki. Kwa injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika Toyota IST nyingi, bolti 10 hukazwa kwanza kwa Nm 29, kisha kila moja huzungushwa nyuzi 90, halafu nyuzi 90 nyingine. Injini nyingine zina vipimo vyake, na baadhi hudai bolti mpya. Asiye na spana hiyo aiazime au amwite fundi aliye nayo. Nguvu za mkono hazisomeki.

Kulanti iliyotolewa ni sumu na ina ladha tamu inayovutia watoto na wanyama, hivyo isiachwe wazi kwenye ndoo uani. Oili chafu nayo ifungwe kwenye dumu badala ya kumwagwa mtaroni, kwani mitaro ya upande huo huishia Mto Msimbazi.

Baada ya kujaza kulanti mpya na kutoa hewa, injini huachwa ikiunguruma hadi feni iwake na kuzima yenyewe. Kwa wiki ya kwanza kiwango cha maji na rangi ya oili hukaguliwa kila asubuhi, kabla gari halijawashwa.