Mgongo umekaza miezi na miezi? Ifahamu tiba ya kulegeza fashia

Unaamka asubuhi shingo haigeuki. Kiuno kinakuvuta kila ukiinuka kwenye kiti. Umemeza diklofenaki, umechuliwa na dawa ya kupaka, umepigwa eksirei ukaambiwa mifupa iko sawa, lakini maumivu yako palepale. Maumivu yakishapita miezi mitatu huitwa sugu, na kwa watu wengi wa namna hii tatizo huwa kwenye misuli na utando unaoifunika.

Utando huo ndio fashia. Kama umewahi kuchuna mbuzi au kukatiwa nyama buchani, umeshauona: ni ile ngozi nyeupe, nyembamba lakini ngumu kukatika, iliyong'ang'ania kwenye nyama. Mwilini mwako ipo hivyohivyo, kutoka kichwani hadi kwenye nyayo, inafunika kila msuli na kuuunganisha na wa jirani. Imejengwa hasa kwa kolajeni, na katikati ya tabaka zake kuna ute unaozifanya ziteleze unapojongea.

Sasa, ukikaa saa nyingi kwenye kompyuta, cherehani au bodaboda, au ukiwa umeumia au kupasuliwa, tabaka hizo zinaweza kupoteza utelezi wake. Mwaka 2011 mtafiti Helene Langevin na wenzake nchini Marekani waliuangalia kwa ultrasaundi utando mpana wa kiunoni. Kwa watu wenye maumivu sugu ya mgongo, tabaka ziliteleza kwa takriban asilimia 20 pungufu ya watu wasio na maumivu. Haijulikani kipi kilitangulia, ukavu huo au maumivu, maana mtu anayeumwa naye hupunguza kujisogeza.

Halafu kuna vifundo. Hivi ni vile vinundu unavyovigusa begani vikauma mpaka kichwani. Daktari Janet Travell, aliyemtibu mgongo John F. Kennedy na kuwa daktari wake Ikulu ya Marekani mwaka 1961, alitumia miaka mingi kuchora ramani ya vifundo hivyo na mahali maumivu yake yanapokimbilia. Kitabu alichoandika na David Simons kilitoka mwaka 1983 na bado kinatumika. Kwa hiyo usishangae mtaalamu akikugusa bega wakati wewe umekuja na kichwa.

Inafanywaje?

Haifanani na masaji uliyoizoea. Mafuta hayapakwi au hupakwa kidogo sana, kwa sababu mkono ukiteleza haushiki utando. Mtaalamu anaweka kiganja, vidole au kiwiko, anakandamiza taratibu mpaka ahisi mwili unamkatalia, kisha anatulia hapo. Hasugui. Anasubiri dakika moja na nusu, wengine hadi tano, mpaka pale chini ya mkono palegee, ndipo asogee. Wewe utahisi kuvutwa na joto kidogo. Kikao kimoja huchukua nusu saa hadi saa nzima, na mara nyingi unapewa mazoezi ya kufanya nyumbani. Hayo mazoezi ndiyo wengi tunayaacha, na bila hayo mkazo hurudi.

Hapa ndipo watu wanapoumizwa. Imeenea dhana kwamba lazima ulie ndipo upone, eti fashia "inavunjwa". Si kweli. Mwaka 2008 watafiti walipiga hesabu ya nguvu inayotakiwa kubadilisha umbo la utando mgumu wa paja na wa unyayo, wakakuta ni kubwa kupita inayoweza kutolewa na mikono ya mtu. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba mgandamizo wa polepole unatuliza mishipa ya fahamu, nayo inaamuru misuli ilegee. Anayekukandamiza hadi ukaze meno anafanya kinyume: mwili unajihami na kukaza zaidi.

Na matarajio yawe ya kiasi. Tafiti za maumivu sugu ya kiuno zinaonyesha nafuu ipo, lakini ni ya wastani, na haijathibitika kwamba inadumu muda mrefu. Mtu akikuahidi kupona kabisa kwa vikao vitatu, linda mfuko wako. Fiziotherapia ya hospitali kubwa kama Muhimbili au KCMC ni pa kuanzia pazuri kuliko tangazo la mtandaoni.

Usikandwe kabla ya kumwona daktari kama

mgongo unauma pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, kwani kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo, na kukandwa kutakuchelewesha tu. Vilevile kama miguu inaishiwa nguvu, unahisi ganzi sehemu za siri, au haja ndogo na kubwa hazizuiliki: hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma, kisiguswe kabisa. Inaweza kuwa damu iliyoganda, na ikibanduka huenda mapafuni. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye mifupa dhaifu na mjamzito waseme mapema.

Ukitaka kujaribu nyumbani, tafuta mpira wa tenisi. Simama umeupa ukuta mgongo, weka mpira kati ya ukuta na nyama ya bega, usiwe juu ya uti wa mgongo. Egemea polepole. Ukipata penye maumivu ya kuvumilika, tulia hapo ukivuta pumzi taratibu kwa dakika moja na nusu, kisha zungusha bega mara kumi. Kwa unyayo, kaa kwenye kiti uuviringishe mpira chini ya mguu.

Kesho yake unaweza kuhisi uchovu wa misuli kama uliyelima, nao huisha ndani ya siku moja au mbili. Pakivimba, pakivilia damu au pakifa ganzi, acha na uende ukaangaliwe.