Maradhi Yaliyokosa Jina

Huenda darasani mwako yumo mwenzako ambaye, kila msimu wa vumbi ufikapo, hupiga chafya mfululizo na macho yakamwasha. Pengine mmepata kumcheka. Basi sikiliza habari za mtoto mmoja wa Uingereza.

John Bostock alizaliwa mwaka 1773. Tangu umri wa miaka 8, kila kiangazi macho yalimvimba, pua ikamtiririka, na pumzi zikamwia nzito. Alikua akawa daktari, na asili ya maradhi yake asiijue. Mwaka 1819, akiwa na miaka 45, aliyaeleza mbele ya madaktari wenziwe wa London. Akatafuta wagonjwa wengine, na mwaka 1828 aliandika kwamba wote aliowapata walikuwa watu wa tabaka la kati na la juu. Katika zahanati hakusikia habari za maskini hata mmoja. Je, maskini hawakuugua, au hapakuwa na wa kuwatazama? Swali hilo lipime mwenyewe.

Baadaye Charles Blackley, daktari wa Manchester aliyeugua maradhi yayo hayo, alijikwaruza ngozi akapaka chavua, yaani unga wa maua, pakavimba. Matokeo aliyachapisha mwaka 1873. Mwaka 1906 Clemens von Pirquet, daktari wa watoto huko Vienna, aliyapa mambo ya namna hii jina, nalo ndilo tuliitalo leo mzio.

Kutokana na mkwaruzo wa Blackley kimezaliwa kipimo cha ngozi cha siku hizi: tone moja, kudungwa kidogo, na kungoja kama dakika 15. Kadhalika adrenalini, dawa ya kumwokoa aliyeshikwa na mzio mkali, imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1977. Elimu, basi, ipo. Lakini katika nchi yetu wataalamu wa mzio ni wachache, na wengi wao wako mijini. Mtoto wa kijijini aweza kutibiwa mafua mwaka hata mwaka, na pumu yake isitajwe.

Bostock alingoja miaka 37, ingawa alikuwa mwenye elimu na mali. Asiye navyo atangoja mingapi? Wewe utakayekuwa mwuguzi, mwalimu au diwani kesho, likumbuke swali hilo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.