Chombo cha Dzombo

Kila panapozungumzwa fasihi yetu hakosekani mtu wa kusema Kiswahili hakina bunilizi ya kisayansi. Majini tunayo, mizimu tunayo, babu wanaofufuka kuwasumbua wajukuu tunao. Sayansi, ati, hatuna. Msemaji huyo aghalabu hajaifungua Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka Nairobi mwaka 1995, au ameifungua, akaiita fantasia, akaifunga.

Ubishi wa mipaka wenyewe si wa kale. Hugo Gernsback alianzisha jarida la Amazing Stories huko Marekani mwaka 1926, akitaka hadithi zinazofundisha sayansi. Mwaka 1947 Robert Heinlein, aliyevutiwa na watu kuliko mashine, alipigia debe jina ambalo kwetu tungesema bunilizi ya kidhahania. Baadaye jina hilo likageuka kanzu ya heshima. Margaret Atwood alilivaa, akishikilia kwamba The Handmaid's Tale (1985) si bunilizi ya kisayansi kwa kuwa haina lisiloweza kutokea. Riwaya hiyohiyo ndiyo iliyopewa Tuzo ya Arthur C. Clarke ya kwanza kabisa, mwaka 1987, nayo ni tuzo ya bunilizi ya kisayansi! Mwaka 2009 Ursula Le Guin alimsuta kwamba anakwepa kutiwa kapu moja na waandishi wanaodharauliwa. Niko na Le Guin, na wino wangu hapo unatosha.

Anayestahili subira ni Darko Suvin, mhakiki mzaliwa wa Zagreb. Katika kitabu chake cha 1979 alidai mambo mawili: ulimwengu wa hadithi uwe mgeni kwa msomaji, na ugeni huo ufuate mantiki inayochunguzika. Roketi si sharti. Tena utopia aliihesabu kuwa tawi la bunilizi ya kisayansi, lile la siasa na jamii.

Sasa mtazame Dzombo wa Mkangi. Amehukumiwa kifo, akatiwa katika chombo cha angani apotelee huko. Hapotei. Anajifunza kukiongoza hadi anatua kwenye sayari ambayo jina lake ukilikata vipande ni wale-ni-sisi, na huko anakuta jamii isiyo na matabaka. Mhakiki akikosa maelezo ya injini huamua kwamba hapa hakuna sayansi. Anapima kwa ratili ya Gernsback bila kujua. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, mhadhiri aliyewahi kuwekwa kizuizini katika Kenya ya Moi. Sayansi yake ilikuwa ya jamii, na dhuluma ya dola hakuisoma vitabuni. Chombo kile kibadilishe kiwe jahazi, bado swali la riwaya litabaki palepale: watu wakiacha kunyonyana, wataishije? Hilo ni jaribio, na Dzombo ndiye shahidi wake.

Kwa kipimo hichohicho Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) inarudi mezani. Nchi ile inaelea hewani, na fizikia itacheka. Lakini Karama, akiwa kizimbani, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwamo, wakarudi na maarifa ya kuinyoosha nchi, wakaishia gerezani. Matokeo ya utafiti yaliletwa. Wakubwa hawakutaka kuyasikia. Wanaoiita ngano tu hawakuisoma kesi ile kwa makini.

Miongo iliyofuata naipita. Kwa Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi ndipo ninapoachana na Suvin, maana yeye fantasia aliifukuza nyumbani kabisa. Mzingile inatupitisha katika dunia iliyokwisha teketea, na ndoto na mantiki zinakula sahani moja. Jina la kidhahania hapo linafaa kweli, si kwa ajili ya heshima. Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002) naiweka jirani yake.

Kwa walimu nina ombi moja. Mkiisomesha Walenisi, isomesheni kama bunilizi ya kisayansi, na swali la kwanza la mtihani lisiwe chombo kiliruka vipi.