Kuigiza michoro ya kale kwa kamera: Sanaa na haki ya anayepigwa picha

Kuigiza michoro mashuhuri kwa kamera ni sanaa ambayo mpiga picha humweka mtu wa leo katika mkao, mavazi na mwanga wa mchoro wa kale. Lengo lake huwa ni kuuliza ni sura ya nani inayostahili kutundikwa katika majumba ya makumbusho.

Mmoja wa waliovuma kwa sanaa hii ni Awol Erizku, mzaliwa wa Ethiopia aliyekulia New York. Mwaka wa 2009 aliuigiza mchoro wa Mholanzi Johannes Vermeer wa msichana mwenye kilemba na hereni ya lulu, uliochorwa yapata mwaka wa 1665. Erizku alimweka msichana mweusi mahali pake. Mwaka wa 2014 Omar Victor Diop wa Senegal alijipiga picha akiiga michoro ya Waafrika wa kale, akiwemo Jean-Baptiste Belley, aliyechorwa na Girodet mwaka wa 1797.

Mitaani Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, swali hilo lina uzito. Kwa miaka mingi kamera za wageni zilifika Kibera kutafuta umaskini. Brian Otieno, aliyekulia huko, alianza mwaka wa 2013 kuonyesha maisha ya kawaida ya wakazi kupitia mradi wake wa Kibera Stories.

Sanaa hii haihitaji mtambo wa bei ghali. Mwanga wa Vermeer hutoka upande mmoja, na mlango wazi wa nyumba ya mabati hutoa mwanga wa namna hiyo. Kitambaa cheusi hutundikwa nyuma, na karatasi nyeupe upande wa pili hupunguza kivuli. Nguo za kilemba hupatikana katika soko la mitumba la Toi, karibu na Kibera.

Hata hivyo, idhini ni lazima itafutwe. Mwaka wa 2023, chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, shule moja ya Uthiru, si mbali na Kawangware, ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Matajiri wa Ulaya walioagiza kuchorwa walikuwa na usemi kuhusu mavazi, mkao na mahali pa kutundika picha. Mkazi wa Kawangware akinyimwa usemi huo, mpiga picha atakuwa ameiga rangi za mchoro na kuiacha heshima yake.