Shujaa anapositishwa: Jinsi mashabiki wanavyopokea kufutwa kwa tamthilia

MASHABIKI wa tamthilia ya Daredevil walikuwa bado wanasimuliana msimu wake wa tatu pale kampuni ya Netflix ya Marekani ilipotangaza, Novemba 29, 2018, kwamba hapatakuwa na msimu wa nne. Msimu huo ulikuwa umeanza kuonyeshwa Oktoba 19 mwaka huohuo, yaani majuma sita tu kabla ya tangazo hilo.

Habari hiyo iliamsha mojawapo ya kampeni ndefu za mashabiki katika historia ya tamthilia za mashujaa wenye uwezo usio wa kawaida. Ilichukua zaidi ya miaka sita hadi shujaa huyo aliporejea katika tamthilia yake.

Kwa mtazamaji aliyeko Mikindani, mji mkongwe wa kando ya ghuba ulio kilometa zipatazo 10 kutoka Mtwara mjini, kisa hicho kina funzo la pekee. Kurejea kwa shujaa hakukuwa na maana kwamba kila aliyemlilia angeweza kumtazama.

Shujaa mwenyewe

Daredevil ni jina la siri la Matt Murdock, wakili kipofu wa jijini New York. Mchana hutetea wanyonge mahakamani, na usiku hupambana na wahalifu kwa msaada wa hisi zake nyingine, ambazo zimekuwa kali kupita za binadamu wa kawaida. Mhusika huyo alitokea kwanza katika kitabu cha katuni mwaka 1964, akiwa kazi ya Stan Lee na mchoraji Bill Everett.

Tamthilia yake ilianza kuonyeshwa Aprili 10, 2015, Murdock akiigizwa na Charlie Cox na adui yake mkubwa, Wilson Fisk, akiigizwa na Vincent D'Onofrio. Ilikuwa na misimu mitatu yenye jumla ya sehemu 39.

Haikufa peke yake. Tamthilia za Iron Fist na Luke Cage zilikuwa zimekwisha kusitishwa Oktoba 2018, na Februari 2019 ikawa zamu ya The Punisher na Jessica Jones. Zote tano zilitokana na katuni za kampuni ya Marvel.

Kwa nini tamthilia hufutwa

Mashabiki wengi hudhani kwamba tamthilia ikipendwa itaendelea. Ukweli ni kwamba uamuzi hufuata hesabu, na hesabu hiyo haipimi mapenzi pekee.

Kwa vituo vya kawaida vya televisheni, kipimo kikuu kimekuwa idadi ya watazamaji, kwa kuwa ndiyo inayowavuta watoa matangazo ya biashara. Kwa kampuni zinazoonyesha kwa njia ya intaneti, kipimo ni wateja wanaolipa ada, wakilinganishwa na gharama ya kila msimu. Aidha, lipo suala la nani anamiliki mhusika.

Katika kisa cha Daredevil, Marvel ilikuwa mali ya kampuni ya Disney tangu mwaka 2009. Disney nayo ilikuwa ikijiandaa kufungua huduma yake yenyewe, Disney+, ambayo ilianza Novemba 12, 2019. Wachambuzi wengi waliona kuwa Netflix haikuwa na sababu ya kuendelea kumnenepesha ng'ombe wa mshindani wake.

Wakati mwingine sababu huwa mbali kabisa na skrini. Tamthilia ya katuni ya Young Justice, iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha Cartoon Network mwaka 2010, ilisitishwa mwaka 2013. Mmoja wa waasisi wake, Greg Weisman, alieleza baadaye kwamba fedha za kuitengeneza zilitegemea mauzo ya vinyago vya watoto, na vinyago hivyo havikuuzika kama ilivyotarajiwa.

Kilio chenye sura nyingi

Mashabiki hawapokei habari za aina hii kwa namna moja. Wapo wanaohuzunika kimya, wapo wanaokasirika na kutafuta wa kumlaumu, na wapo wanaoanza mara moja kukusanya sahihi. Wengine huandika wenyewe mwendelezo wa hadithi na kuusambaza kwa wenzao, ili wahusika wasife pamoja na mkataba.

Hata hivyo, kinachouma zaidi mara nyingi si kufikia mwisho, bali kukosa mwisho. Watu wa pwani ya Waswahili wanalifahamu jambo hili, maana masimulizi ya shujaa wao, Fumo Liyongo, yana mauti ndani yake. Shujaa huyo aliyeshindikana kwa silaha zote aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa hiana ya mwanawe. Msikilizaji huondoka na majonzi, lakini huondoka akiwa amekijua kisa chote.

Watazamaji wa Lois & Clark, tamthilia ya Superman iliyoonyeshwa na kituo cha ABC, hawakupata hata hilo. Sehemu ya mwisho, iliyoonyeshwa Juni 14, 1997, ilifunga kwa mtoto mchanga aliyekutwa nyumbani kwa wahusika wakuu. Mtoto huyo alikuwa wa nani? Msimu wa tano, ambao ungejibu swali hilo, haukutengenezwa.

Kelele za mashabiki nazo zina mipaka yake. Tamthilia ya Heroes, iliyofutwa na kituo cha NBC mwaka 2010, ilirudishwa mwaka 2015 kwa jina la Heroes Reborn. Baada ya sehemu 13 ilisitishwa tena. Kumwita shujaa ni jambo moja, na kumtazama kwa wingi anapokuja ni jambo lingine.

Mashabiki waliojifunza hesabu

Wapenzi wa Young Justice walifuata njia iliyozaa matunda. Badala ya kulalamika tu, walihimizana kuitazama upya misimu miwili ya kwanza katika Netflix, tena na tena, ili wamiliki waone takwimu. Novemba 2016 kampuni ya Warner Bros. ilitangaza msimu wa tatu, na ulianza kuonyeshwa Januari 4, 2019. Wa nne ulifuata mwaka 2021.

Wale wa Daredevil walijipanga chini ya jina la Save Daredevil, yaani Okoa Daredevil. Walikusanya maelfu kwa maelfu ya sahihi, na mwaka 2020 waliandaa mkutano kwa njia ya intaneti ulioshirikisha watu waliofanya kazi katika tamthilia hiyo. Walijua pia kungoja. Ilikuwa imeripotiwa kwamba mkataba uliwazuia wahusika hao kutumika nje ya Netflix kwa miaka miwili, hivyo mwishoni mwa 2020 kampeni yao ilipamba moto upya.

Desemba 2021 Cox alionekana akiwa Murdock katika filamu ya Spider-Man: No Way Home, na mwezi huohuo D'Onofrio alirejea katika tamthilia ya Hawkeye. Hatimaye, Machi 4, 2025, tamthilia mpya ya Daredevil: Born Again ilianza kuonyeshwa na Disney+.

Je, ni kampeni iliyomrejesha? Si rahisi kusema hivyo bila kusita, kwani Disney ilikuwa na sababu zake za kibiashara za kumtumia mhusika aliyekuwa mali yake. Linaloweza kusemwa ni kwamba mashabiki walihakikisha hasahauliki, na kwamba waigizaji walewale waliitwa badala ya kutafutwa wapya.

Mikindani katika hesabu hiyo

Sherehe hizo hazikufika kila mahali. Daredevil ilipoanza mwaka 2015, Netflix haikuwa bado imefungua huduma yake Tanzania. Ilifanya hivyo Januari 2016, ilipoingia katika nchi nyingi kwa mpigo. Machi 2022 tamthilia hiyo iliondolewa Netflix na kuhamia Disney+, huduma ambayo wakati huo haikuwa imefunguliwa nchini. Kwa hiyo hatua iliyowafurahisha mashabiki wa Marekani ilimfungia mlango wa halali mtazamaji wa Tanzania aliyekuwa akilipa ada yake.

Lakini wengi hawakuwahi kupita katika mlango huo. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994, na kwa miaka mingi filamu na tamthilia za nje zimewafikia watu kwa kanda, diski na vibanda umiza, ambako mtu hulipa kiingilio kidogo na kutazama akiwa amebanana na wenzake kwenye benchi.

Humo ndimo walimojijengea jina watafsiri kama Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, waliozitia filamu za kigeni sauti ya Kiswahili na utani wa nyumbani. Tamthilia nazo zilipewa jina la mtaani, sizoni, zikauzwa misimu kadhaa katika diski moja, mara nyingi bila idhini ya wenye hakimiliki.

Njia hiyo iliwapa watu wa miji midogo fursa ya kuwajua mashujaa wa mbali. Gharama yake ni kwamba kiingilio cha kibanda humfikia mwenye kibanda, na bei ya diski humfikia muuzaji. Hakuna senti wala takwimu inayomrudia mtengenezaji. Kijana wa Mikindani anaweza kuijua tamthilia sehemu kwa sehemu, akaisimulia baraza zima, na bado mbele ya waamuzi akawa kama hajawahi kuitazama.

Kwa tamthilia ya Marekani, kukosa hesabu ya Mikindani si hasara kubwa. Kwa tamthilia za Afrika, mambo ni tofauti. Julai 2023 Netflix ilianza kuonyesha Supa Team 4, katuni iliyobuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia, kuhusu wasichana wanne wanaoulinda mji wa Lusaka. Ilikuwa tamthilia ya kwanza ya katuni kutoka Afrika kutengenezwa kwa ajili ya kampuni hiyo, na ilipata misimu miwili mwaka huo.

Tamthilia ya namna hiyo ina watazamaji wake wa asili katika nchi jirani, Tanzania ikiwamo. Iwapo hao wataitazama kwa njia zisizohesabika, siku itakapopangwa kufutwa watakuwa na haki ya kulia, lakini hawatakuwa na takwimu ya kumwonyesha mwenye uamuzi.