Kupandikiza nywele: historia tuijue kabla ya kutoa pesa

Ndugu zetu, vijana kadhaa wa kikundi wanauliza: nywele za mbele zikianza kurudi nyuma, je, mtu apandikize? Wengine wanacheka, eti kichwa kimekuwa uwanja wa ndege. Sisi hatucheki. Aliyekwisha kupoteza mengi hapendi kupoteza na nywele. Basi tuangalie historia kwanza, ndipo tuongee pesa.

Mwaka 1939, Shoji Okuda, daktari wa ngozi wa Japani, alieleza jinsi alivyotoa vipande vidogo vya ngozi yenye nywele na kuvipanda mahali penye makovu, kama ya moto. Mwaka 1943 mwenzake Hajime Tamura akaeleza kupanda unywele mmoja mmoja. Lakini kulikuwa na vita, maandishi yao hayakufika mbali. Tunajua wenyewe: vita ikifunga njia, hata elimu inakwama mpakani.

Mwaka 1952 huko New York, Norman Orentreich akaanza kupandikiza watu wenye kipara. Mwaka 1959 akachapisha alichokiona: nywele za kisogoni zikihamishiwa mbele zinabaki na tabia ya kisogoni, hazianguki kirahisi. Yaani zinahama na asili yao. Ila vipande vilikuwa vikubwa, kama milimita 4, kichwa kikafanana na cha mwanasesere. Kufikia miaka ya 1990 madaktari walikuwa wanapanda vifungu vya nywele 1 hadi 4, vile zinavyoota zenyewe. Leo watu wanasafiri mpaka Istanbul.

Tunajifunza nini? Kwanza, hakuna nywele mpya, zinahamishwa tu. Za kisogoni zikiisha, basi. Pili, zile ambazo hazikupandikizwa zinaendelea kuanguka, ndiyo maana madaktari wengi humwambia kijana wa miaka 20 asubiri. Tatu, nywele zetu za kipilipili zimejikunja hata chini ya ngozi, asiye na uzoefu nazo anakata mizizi. Na kama kovu lako huwa linavimba na kukua, mwambie daktari mapema. Dada zetu, kama ni misuko ya kubana ndiyo inakula nywele za mbele, legezeni kwanza.

Kwa hiyo, usiuze simu wala kukopa kwa haraka. Onana na daktari wa ngozi, uliza sababu. Na ninyi mnaofanya kazi nasi, kijana akileta swali hili, msimwone ana anasa. Sisi wenyewe, mwenzetu asipovua kofia, tusimtungie jina.